Mkono Uliokawia Chunguni

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya majini na wafalme, ni ya juzi tu, waliokuwepo wangali hai na ukiwauliza wanajifanya wana haraka, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi kikiitwa Vigaeni. Nawaambieni mapema: katika hadithi hii msimwamini mtu upesi. Mimi mwenyewe simwamini hata mmoja, na nimewafikiria wote muda mrefu. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na asiyejibu asije tena kwangu kuomba hadithi.

Kijijini hapo palikuwa na mama wawili. Wa kwanza aliitwa Sauda, mfinyanzi, binti wa Bi Mwantumu ambaye vyungu vyake vilikuwa vikigombaniwa sokoni. Sauda alikuwa na binti mmoja, Kidawa. Wa pili aliitwa Tausi. Huyu alikuwa mgeni, aliolewa akitoka bara, udongo haujui, kazi yake kukaanga maandazi na kuyatembeza. Tausi alikuwa na mwana mmoja, Haruni. Watoto hao walizaliwa msimu mmoja wa mvua na wakatambaa msimu mmoja.

Sauda akimwita Kidawa, Kidawa hageuki. Tausi akimwita Haruni, Haruni hageuki. Sauda akimchekea Kidawa, Kidawa anatazama mwanga unaopita dirishani. Tausi akimchekea Haruni, Haruni anatazama vidole vyake. Wenzao wakaanza kusema mama, kusema maji, kusema sitaki. Hawa wawili kimya. Ukiwapa kifuniko cha chungu wanakizungusha sakafuni, kinazunguka, wanakitazama mpaka kinalala, wanakizungusha tena.

Sasa wafinyanzi wana desturi yao. Chungu kikitoka motoni hukigonga kwa kucha na kusikiliza kama kina ufa. Basi Bi Mwantumu akakaa nyuma ya Kidawa, akagonga chungu kizima. Kidawa akageuka mara moja. Akakaa nyuma ya Haruni, akagonga. Haruni naye akageuka.

"Masikio yapo," akasema Bi Mwantumu. "Hiki ni kiburi tu. Waacheni, kitawatoka."

Lilikuwa kosa la wafinyanzi hasa, kudhani kwamba mtoto anayesikia chungu lazima alisikie na jina lake. Wakaachwa. Na wakati ukapita bure.

Kijiji nacho hakikulala. Waliomshuku Sauda walisema aligombana na mtu akiwa mjamzito. Waliomshuku Tausi walisema amekuja na pepo wa kwao. Sauda akamshuku Tausi kwamba mtoto wake ndiye aliyemwambukiza Kidawa. Tausi akamshuku Sauda hivyo hivyo. Wakawa wanasalimiana kwa midomo tu.

Ndipo akaja mwalimu Leokadia, kutoka kituo kimoja cha mjini. Alikuja na daktari mmoja mpole na sanduku, na ndani ya sanduku mlikuwa na kofia ya nyaya. Akawakalisha mama wote wawili akawaeleza.

"Hali hii inaitwa usonji," akasema. "Si kiburi, si pepo, wala haiambukizi. Mtoto mwenye usonji ubongo wake unaupokea ulimwengu kwa njia yake. Sisi tunajaribu mafunzo ya mapema. Mwalimu anakaa na mtoto sakafuni kila siku, anacheza anachokipenda mtoto, taratibu anamfungulia njia ya kuwaona watu. Tunataka kujua kama mafunzo hayo yanabadili hata ubongo wenyewe. Ubongo wa mtoto mdogo ni kama udongo mbichi, ndiyo maana tunakimbilia wadogo."

Wafinyanzi wakaitikia kwa kichwa. Udongo mbichi wanaujua.

Daktari akawavisha watoto kofia. Bi Mwantumu akasimama mlangoni, macho kwenye nyaya, kwa sababu alishuku kwamba kofia ile inanyonya kitu.

"Hainyonyi, bibi," akasema daktari. "Inasikiliza tu. Ubongo una umeme mdogo sana, kofia inausikiliza."

Wakaonyeshwa picha. Ikija picha ya sura ya mtu, mistari ya Kidawa kwenye kioo cha mashine inasinzia. Ikija picha ya kitu, kikombe, gurudumu, mistari inaamka. Akavishwa Haruni. Sura, mistari inasinzia. Kitu, mistari inaamka. Daktari akasema watoto hawa wawili wanafanana sana. Lishikeni neno hilo, walifanana sana.

"Tatizo ni moja," akasema Leokadia. "Mwalimu wa kukaa hapa ni mimi peke yangu, na mafunzo haya yanamtaka mwalimu mzima kwa mtoto mmoja. Mwingine atakwenda kliniki ya mjini kama kawaida. Nani akae na mimi, siwezi kuchagua mimi, wala msichague nyinyi. Ni kura. Tukichagua, baadaye hatutajua ni mafunzo yaliyosaidia au ni kuchagua kwetu."

Kijiji kikasema kura tunaijua, sisi hupigia kura mashimo ya udongo. Kikaletwa chungu chenye mdomo mwembamba. Vikatiwa vigae viwili, ukubwa mmoja. Kimoja chekundu, kimetoka kwenye chungu cha moto wa wazi. Kimoja cheusi, kimetoka kwenye chungu kilichofukizwa moshi. Chekundu ni mwalimu Leokadia, cheusi ni kliniki.

Sauda alikuwa amembeba Kidawa, akamwomba mama yake amtolee. Bi Mwantumu na Tausi wakasimama mbele ya chungu. Tausi, kwa adabu aliyofunzwa kwao, akarudi nyuma hatua moja.

"Tangulia, mama. Wewe ni mkubwa."

Bi Mwantumu akatia mkono. Mkono ukakawia. Halafu ukatoka na kigae chekundu.

Tausi hakuwa na la kufanya ila kutoa kilichobaki. Kijiji kizima kilikuwepo. Kijiji kizima kiliona. Hakuna aliyekohoa.

Kazi ikaanza. Leokadia akakaa sakafuni na Kidawa. Kidawa anazungusha kifuniko, Leokadia anazungusha cha kwake. Kidawa anataka kifuniko kingine, Leokadia anakiinua, anakiweka karibu na shavu lake mwenyewe, ili jicho la mtoto likienda kwenye kifuniko lipite kwenye uso. Jicho likipita, mtoto anapewa kifuniko na kicheko. Lisipopita, hagombezwi, wanaanza upya. Asubuhi hivyo, baada ya chakula hivyo, kesho tena hivyo. Sauda akajifunza naye, hata akimwogesha Kidawa anaiweka sabuni shavuni.

Tausi akaenda kliniki ya mjini na Haruni mgongoni. Akaenda tena. Safari moja Haruni alipiga kelele garini, abiria wakasema mtoto ana mashetani, mama na mwana wakashushwa njiani kwenye vumbi. Tausi hakwenda tena. Badala yake akawa anasimama kwenye ua wa Sauda, anachungulia kupitia makuti, ajionee mwalimu anafanya nini.

Sauda akamwona. Siku ya pili mkeka wa mafunzo ukahamishwa nyuma ya nyumba. Alipoulizwa alisema ni jua. Nyuma ya nyumba ile jua lilikuwa lile lile, mimi napajua.

Misimu ikapita, Kidawa akabadilika. Msinielewe vibaya, hakuwa mtoto mwingine. Bado aliziba masikio mvua ikipiga bati. Bado alikula wali mweupe, na ukiutia mchuzi humwoni tena. Lakini mama yake akiingia alimtazama usoni. Akatoa neno, akatoa la pili. Siku aliyosema "mama" huku akimtazama mama mwenyewe, Sauda alikaa chini kwenye udongo wa kazi na kulia kwa furaha, na hapo hata mimi mtu wa kushuku simshuku, ile furaha ilikuwa ya kweli.

Daktari akarudi na kofia. Kidawa akavishwa. Ikaja picha ya sura, mistari ikaamka. Ikaja picha ya kitu, mistari ikatulia kidogo. Daktari akasema ubongo wa Kidawa sasa unaiamkia sura karibu sawa na wa watoto wengine wa umri wake. Akavishwa Haruni. Sura, mistari ikasinzia. Kitu, ikaamka. Vile vile kama mwanzo.

Tausi akaitazama ile mistari akasema moyoni kwamba mashine imeambiwa la kusema. Lakini mashine haina shangazi pale kijijini. Kama palikuwa na uongo, haukuwa kwenye mashine.

Na ulikuwepo. Aliufumania akiwa na beseni la maandazi kichwani.

Alikuwa akipita kwenye mashimo ya udongo. Wanawake wawili walikuwa wakigombania shimo, wakaletewa chungu cha kura. Mmoja wao, kabla ya kutia mkono, akauzungushia mkono wote ncha ya kanga na kuikaza.

"Ameumia?" akauliza Tausi.

Wakacheka. "Aumie wapi! Mfinyanzi hatii mkono mtupu kwenye kura. Chekundu kikavu, cheusi kina utelezi. Wewe huwezi kuhisi, sisi tumekulia humo, tungechagua tu. Hiyo ni sheria tangu enzi za..."

Hapo kicheko kikakatika. Wakamtazama Tausi, wakatazamana, kila mmoja akapata kazi ya kufanya. Tausi akalitua beseni chini, maandazi akayaacha hapo hapo, akaenda nyumbani kwa Bi Mwantumu.

Ilikuwa asubuhi ambayo Leokadia alileta habari. Mradi umefika mwisho, ila kituo kimemruhusu abaki Vigaeni mwaka mmoja zaidi, na mtoto mmoja tu. Walikuwa uani, Leokadia, Sauda, Bi Mwantumu, na Kidawa akicheza na vifuniko. Tausi akaingia na Haruni mgongoni bila kupiga hodi.

"Mama," akamwambia Bi Mwantumu, "siku ile mkono wako ulikuwa mtupu."

Bi Mwantumu hakujifanya hakuelewa. Hilo nampa.

"Ulikuwa mtupu," akasema. "Nilishika cheusi nikakijua. Nikashika chekundu nikakijua. Nikatoa chekundu. Watu wa mjini hawakuniambia nifunge, na mimi sikuwakumbusha. Ni mimi niliyesema mtoto ana kiburi, mwanangu. Ni mimi niliyempotezea wakati. Nilitaka kuurudisha. Na hata ningefunga mkono, huenda ningetoa hicho hicho."

"Basi ungefunga, tukaona," akasema Tausi. Akamgeukia Sauda. "Na wewe, Mama Kidawa?"

"Mimi nilikuwa nimembeba mtoto."

"Sikukuuliza ulibeba nini. Ulijua?"

Sauda akavuta pumzi. "Niliuona mkono wa mama unapanda kidogo kutoka chunguni, halafu unazama tena. Nilijua. Lakini niambie, dada yangu, wewe ungesema? Ungesimama mbele ya watu ukamnyima mtoto wako? Mimi nimeiba, sawa. Kidawa hakuiba kitu."

"Na mkeka ukauhamisha."

"Nikauhamisha. Nilikuwa siwezi kukuona umesimama pale."

Tausi akamgeukia Leokadia. "Mwalimu, wewe angalau umedanganywa."

Leokadia akatikisa kichwa.

"Tulikuwa tukicheza na vigae kwenye chungu," akasema. "Kidawa anaomba rangi, tunamtolea. Mama yake akawa anatia mkono huku akiongea na mimi, hatazami, anatoa chekundu, tena chekundu, tena chekundu. Nikaelewa. Kazi ilikuwa imeshaanza, mtoto ameshaanza kunitazama. Ningesema, wangeniondoa hapa na watoto wote wawili wangekosa. Na kuna watoto wengi kwingineko wanaosubiri kusikia kama mafunzo haya yanafaa."

"Au wewe ungekosa sifa."

"Hilo pia limo, Mama Haruni. Siwezi kukuapia kwamba halimo."

Mnaona? Kila mmoja ana lake, na kila lake lina ukweli ndani yake. Hao ndio watu wa kuogopwa. Mwongo mtupu unamfukuza na fagio, huyu mwenye ukweli kidogo unamfanyaje?

Tausi akasema, "Basi mwaka uliobaki ni wa Haruni. Huna haja ya kura, mwalimu. Nafasi ile ilikuwa yake, au nusu yake, na mkono mtupu ndio uliotunyima kujua. Wewe mwenyewe ulisema udongo mbichi. Wa mwanangu unakauka huku mnanieleza."

Sauda akaruka. "Na chungu kibichi ukikiacha mvuani kabla ya kukichoma, si kinarudi tope? Kidawa ndiyo kwanza ameanza. Ana maneno machache tu mdomoni. Mwalimu akiondoka sasa yakamtoka, nitamwambia nini? Mwalimu, yatamtoka?"

"Sijui," akasema Leokadia. "Huenda yakabaki, huenda yakapungua. Wala sijui Haruni atafika wapi akianza sasa. Kuanza sasa si kama kuanza wakati ule, lakini hajachelewa kabisa. Anayekuambieni anajua, msimwamini."

"Wewe kliniki uliiacha," akasema Bi Mwantumu, na ninadhani alijuta likiwa bado mdomoni. "Ungeendelea kwenda, huenda Haruni naye angekuwa mbali."

"Niliiacha," akasema Tausi. "Walitushusha barabarani kama mizigo, nikaiacha. Hilo ni langu na nitalibeba. Lakini wewe ulipokuwa unaniona pale uani nachungulia kupitia makuti, mama, ulidhani nachungulia nini?"



Bi Mwantumu akaingia ndani. Akatoka na chungu chenye mdomo mwembamba, akatia vigae viwili mbele ya macho yao, akakiweka katikati ya ua. Kisha akavua kanga ya begani, akauzungushia mkono wake, akakaza fundo kwa meno.

"Tupige upya," akasema. "Leo kwa haki."

"Leo ndiyo unafunga?" akasema Tausi. "Mmeshavuna, mnataka tugawane shamba sawa kwa sawa? Mimi mkono wangu siutii humo."

"Kituo kitataka kura," akasema Leokadia kwa sauti ndogo. "Au kitataka neno langu. Nikiwaambia mtoto fulani anahitaji zaidi, watanikubalia."

"Basi sema neno, mwalimu," akasema Sauda.

"Sema," akasema Tausi.

Leokadia akatazama chini. Bi Mwantumu akatazama mkono wake uliofungwa. Sauda akatazama ukuta. Tausi alikuwa amesimama katikati yao, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, hayafuti, na wote watatu, watu wazima wenye macho mazima, hawakuweza kuuinulia uso ule macho.

Kidawa akaacha vifuniko vyake. Akasimama, akaja mpaka mbele ya Tausi, akainua kichwa. Akamtazama usoni, si pembeni, si juu ya bega, usoni kabisa, akamtazama kwa muda.

"Mama Haruni analia," akasema.

Lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kusema. Sauda akaziba mdomo kwa mkono. Tausi akapiga magoti, akaushika uso wa yule mtoto kwa viganja viwili, na mgongoni kwake Haruni alikuwa akiutazama mwanga unaopenya kwenye makuti.

Mimi nimefika hapo, na siendelei. Mwaka ni mmoja. Mwalimu ni mmoja. Kura imekataliwa, na Leokadia anangojewa aseme jina. Msinijibu kwa huruma tu, maana huruma wanayo wote wanne. Wala msiniambie wagawane, nimeshawaambia ni mwalimu mzima kwa mtoto mmoja.

Basi nyinyi mngekuwa Leokadia, na mtoto yule amesimama mbele yenu anaweza kuuona uso wa mtu anayelia, na yule mwingine mgongoni bado hauoni uso wa mama yake mzazi, mngetaja jina gani? Je, nani alistahili?